Kabla Hujawekewa Lenzi Jichoni

Chukua cheti chako cha miwani ukitazame vizuri kabla hujapiga simu kliniki yoyote. Kuna safu tatu zinazokuhusu. SPH ni kiwango cha kutoona mbali, na alama ya kutoa iliyo mbele ya namba ndiyo inayosema kwamba shida yako ni ya mbali. CYL ni astigmatizimu: mara nyingi maana yake ni kwamba konea, kile kioo cha mbele kabisa cha jicho, imejikunja zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kama mgongo wa kijiko. AXIS ni nyuzi, kuanzia 1 hadi 180, zinazoeleza mkunjo huo umelala vipi.

Tuchukue mtu ambaye jicho lake la kulia limeandikwa SPH −9.50, CYL −2.75, AXIS 10. Huyu akivua miwani, kitabu kikivuka sentimita 10 tu kutoka usoni herufi zinaanza kuyeyuka. Akiamka usiku anapapasa miwani kwanza, ndipo atafute swichi ya taa. Watu wa namna hii ndio waliotengenezewa lenzi za kupandikiza. Mwenye −1.50 miwani inamtosha, na sioni kwa nini afunguliwe jicho.

Wengi huanza kwa kuulizia leza. Leza hurekebisha macho kwa kuichonga konea, na konea si nene: katikati ina wastani wa maikroni 540 hivi, zaidi kidogo ya nusu milimita. Tuseme mtu wetu ana 510. Katika upasuaji wa Lasik, utando wa juu unaofunuliwa huchukua kama 110. Kila dayopta moja, kile kipimo cha namba za SPH na CYL, inayosahihishwa hula maikroni 12 hadi 15, na yeye, ukijumlisha na astigmatizimu, anahitaji zaidi ya dayopta 10. Piga hesabu. Chini hubaki maikroni 250 hivi, mpaka ambao daktari makini hataki hata kuukaribia, kwa sababu konea iliyokondeshwa kupita kiasi inaweza kuanza kufura mbele yenyewe miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo ukiambiwa hufai leza, usikasirike. Umekutana na daktari mkweli.

Lenzi ya kupandikiza haichongi kitu. Ni kijilenzi laini ambacho hukunjwa, kikaingizwa kwa chale ya milimita 3 hivi pembeni mwa konea, kikafunguka ndani na kukaa nyuma ya airisi, lile duara la kahawia, mbele ya lenzi ya asili uliyozaliwa nayo. Ya asili haitolewi. Hapo ndipo upasuaji huu unapoachana na ule wa mtoto wa jicho, ambao huondoa lenzi ya asili na kuweka ya bandia mahali pake. Jirani atakayekuambia hata bibi yake aliwekewa anazungumzia kitu kingine. Na ikilazimu, lenzi hii inaweza kutolewa. Ile inayosahihisha na astigmatizimu huitwa toriki: nguvu yake haiko sawa pande zote, ndiyo maana huandaliwa kwa vipimo vya jicho moja la mtu mmoja.

Wazo lenyewe lina umri wa kutosha na halikuanza vizuri. Mwaka 1953 daktari wa Italia, Benedetto Strampelli, aliweka lenzi ya kusahihisha macho ndani ya jicho ambalo lenzi yake ya asili bado imo. Lenzi za enzi hizo zilikaa mbele ya airisi na kuiumiza konea kwa ndani, na nyingi zililazimika kutolewa. Katikati ya miaka ya 1980 Svyatoslav Fyodorov, huko Moscow, akazihamishia nyuma ya airisi. Ni kutokana na njia hiyo tumefika kwenye ile inayojulikana zaidi leo, ICL ya kampuni ya STAAR Surgical ya Marekani. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliidhinisha ya kawaida Desemba 2005, ya toriki ikasubiri hadi Septemba 2018, na toleo la EVO likapita Machi 2022. EVO ina tundu katikati, upana wake milimita 0.36, linalopitisha maji ya jicho. Kabla ya tundu hilo ilibidi airisi itobolewe kwa leza siku kadhaa kabla ya upasuaji, ili maji yasikwame nyuma. Ukiambiwa na wewe utatobolewa, uliza unawekewa toleo gani.

Uliza pia jina la lenzi, si la kliniki tu. ICL imetengenezwa kwa malighafi iitwayo Collamer, ambayo ndani yake mna kolajeni ya nguruwe, kiasi kidogo sana. Kwa Muislamu, na kwa Msabato, hilo si jambo dogo, na usipouliza huenda hakuna atakayelitaja. Mwulize sheikh au mchungaji wako wakati bado una nafasi ya kuchagua, usije ukagundua nyumbani ukisoma kijitabu. Zipo lenzi nyingine: watu wa kwetu wanaokwenda kutibiwa India wanaweza kukutana na IPCL au Eyecryl, zinazotengenezwa hukohuko kwa akriliki laini, nazo zina aina za toriki. Ipo pia Artiflex ya Uholanzi, inayoshikizwa kwenye airisi kwa vibanio vyake. Kila moja ina historia na ushahidi wake, na ICL ndiyo iliyofuatiliwa kwa miaka mingi zaidi kati ya zile zinazokaa nyuma ya airisi. Wewe jua tu unalipia ipi.

Chumba cha vipimo ndiko kunakoamuliwa mambo

Upasuaji wenyewe ni kama nusu saa kwa jicho, na kwa mkono uliozoea si mgumu sana. Ukinisikiliza mimi, usimpime daktari kwa wingi wa wagonjwa anaowapasua kwa siku, mpime kwa muda anaotumia kukupima wewe. Kliniki inayokukubali asubuhi na kukupangia upasuaji kesho yake, ihofu.

Kwanza, kama unavaa kontakti lenzi, zitoe. Zile laini, angalau wiki mbili kabla ya vipimo. Zile ngumu, mwezi au zaidi. Huibonyeza konea na kuibadili umbo, na konea iliyobonyezwa hutoa namba za uongo. Hapa watu hudanganya, kwa kuwa wiki mbili za miwani mizito zinachosha, halafu lenzi huagizwa kwa namba za jicho ambalo si lao.

Pili, namba ziwe zimetulia: zisiwe zimebadilika zaidi ya nusu dayopta kwa mwaka mzima. Leta vyeti vya zamani, hata vile vilivyokunjwa kwenye droo. Idhini ya Marekani inaanzia umri wa miaka 21 na kuishia 45, na inagusa kutoona mbali kuanzia −3 hadi −15 kwa kusahihisha, hadi −20 kwa kupunguza, na astigmatizimu kuanzia dayopta 1 hadi 4. Mwenye mimba au anayenyonyesha asubiri.

Tatu, ramani ya konea. Hapa niseme kwa kirefu kidogo, maana linatugusa. Watoto na vijana wengi wa Afrika Mashariki wana aleji ya macho: macho mekundu, yanawasha, na mtoto anayafikicha kutwa kwa vifundo vya vidole. Kufikicha huko kwa miaka kunahusishwa na keratokonasi, ugonjwa wa konea kukonda na kuchongoka kama koni. Mwanzoni haupigi kelele. Huonekana tu kama CYL inayopanda kila mwaka: −1.25, kisha −2.00, kisha −3.25, na nyuzi za AXIS zinahama. Fundi wa miwani anabadilisha vioo na maisha yanaendelea. Mtu wa namna hiyo akiwekewa lenzi ya toriki leo, kesho konea itaendelea kuhama na lenzi itabaki ilipo. Ramani ya konea huufichua ugonjwa huo mapema, na yupo mwenye kuhitaji kuimarishwa konea kwanza, akaachwa itulie, ndipo lenzi ijadiliwe kama bado atafaa. Omba uonyeshwe ramani hiyo kwenye skrini, ya macho yote mawili, na uelezwe rangi zake.

Nne, nafasi. Kutoka sehemu ya ndani ya konea hadi kwenye lenzi ya asili kunatakiwa kuwe na angalau milimita 3.0 kwa masharti ya Marekani. Baadhi ya madaktari kwingineko hukubali 2.8. Jicho lenye chumba chembamba halifai, hata ulie. Huhesabiwa pia seli zinazotandaza konea kwa ndani. Kijana mzima huwa na 2,500 hadi 3,000 hivi kwa kila milimita ya mraba, na zikifa hazioti tena. Anayeanza na chache hana akiba ya kutosha ya kuishi na lenzi kwa miaka arobaini.

Kisha saizi. ICL huja kwa urefu wa aina nne: milimita 12.1, 12.6, 13.2 na 13.7. Daktari huchagua kwa kupima upana wa konea, au kwa mawimbi ya sauti yanayoona nyuma ya airisi, jambo ambalo kwa maoni yangu lina thamani ya kulipiwa. Ikiwa kubwa mno, lenzi hubinuka mbele na kuisukuma airisi, njia ya maji ikabanwa, presha ya jicho ikapanda. Ikiwa fupi mno, huikaribia lenzi ya asili hadi kuigusa, na hapo mtoto wa jicho anaweza kuanza kabla ya wakati wake. Tena lenzi fupi haina pa kujishikilia, huzunguka. Nafasi inayotakiwa kati ya lenzi mpya na ya asili ni maikroni 250 hadi 750 hivi. Ukishapasuliwa, daktari ataimulika kwa mwanga mwembamba na kuilinganisha na unene wa konea yako. Mwulize namba. Ni haki yako kuijua, na mwaka ujao utataka kuilinganisha.

Nyuzi kumi

Kuna jaribio unaloweza kulifanya sasa hivi. Vua miwani, ishike kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, na kupitia kioo kimoja tazama fremu ya mlango. Sasa izungushe miwani polepole kama usukani. Kama kioo kina astigmatizimu, mstari wa fremu unaouona ndani ya kioo utainama na kuachana na ule ulio nje yake. Kadiri CYL ilivyo kubwa, ndivyo unavyoinama zaidi. Hivyo ndivyo ilivyo lenzi ya toriki ikizunguka jichoni, ila hiyo huwezi kuisogeza kwa kidole.

Hesabu yake haina huruma. Lenzi ikikosea nyuzi 5, karibu asilimia 17 ya astigmatizimu hubaki. Kwa mwenye −2.75 ni kama nusu dayopta, ambayo wengi huivumilia. Ikikosea nyuzi 10, theluthi moja hubaki, karibu dayopta 1, na maandishi ya kwenye runinga yanaota kivuli. Ikifika nyuzi 30 ni kama hukusahihishwa astigmatizimu kabisa, imebadilishwa tu upande.

Ndiyo maana kuna kituko kidogo kabla ya upasuaji ambacho hupaswi kukikosa. Ukiwa umekaa wima, kichwa kimenyooka, daktari hukutia dawa ya ganzi na kuchora kwa wino vialama kwenye ukingo wa konea. Sababu ni kwamba mtu akilala chali, jicho huzunguka kidogo lenyewe, kwa kawaida nyuzi mbili hadi nne, kwa wengine zaidi. Alama ikichorwa ukiwa umeshalala, kosa limeingia kabla ya kisu. Kliniki zenye mashine za kisasa hutumia picha ya mishipa ya jicho iliyopigwa ukiwa umekaa, badala ya wino. Njia yoyote kati ya hizo ni sawa. Kutokuwepo hata moja si sawa.

Siku ya upasuaji na zinazofuata

Utadondoshewa dawa ya kupanua mboni, utalala, utaona taa kali na vivuli vinavyopita. Maumivu si mengi. Kuna kubanwa, na kuna baridi ya maji. Lenzi huingia imekunjwa, hufunguka taratibu, kisha miguu yake minne husukumwa moja moja chini ya airisi na lenzi kuzungushwa hadi vialama vyake vikae sawa na vya kwenye jicho. Mwisho husafishwa jeli iliyotumika kulinda jicho lisinywee.

Jeli hiyo ikibaki, huziba njia ya maji. Kwa hiyo usikubali kuondoka kliniki kabla presha ya jicho haijapimwa tena, saa moja hadi nne baada ya upasuaji. Ukiwa umeshafika nyumbani au hotelini, na jicho likaanza kuuma sana, kichwa kikagonga, ukasikia kichefuchefu na kuona ukungu, usimeze dawa ya maumivu ukalala. Rudi usiku huohuo.

Uoni huja upesi. Wengi asubuhi ya pili wanasoma saa ya ukutani wakiwa kitandani, na wenye namba kubwa hupata ziada: miwani mizito hupunguza ukubwa wa vitu, na lenzi iliyo ndani ya jicho haifanyi hivyo, basi ulimwengu unarudi kwenye kipimo chake. Furaha hiyo ndiyo inayowafanya watu waache dawa. Matone ya antibayotiki na ya steroidi yatumie kama yalivyoandikwa, na yakiisha muda, yaache. Usiende duka la dawa kujiongezea chupa ya steroidi kwa kuwa jicho linawasha. Kwa baadhi ya watu steroidi hupandisha presha ya jicho kimyakimya, na uoni unaoliwa na presha ya macho haurudi.

Wanja, hapana, kwa wiki kadhaa. Kuogelea, hapana, iwe baharini au bwawani. Dawa za kienyeji za kutia jichoni, hapana kabisa. Anayetawadha amwulize daktari ni siku ngapi maji yasifike jichoni, na ajue mapema namna ya kutawadha bila kuligusa. Barabara zetu zina vumbi, basi vaa miwani ya kukinga, na usipande bodaboda bila kitu usoni wiki za mwanzo.

Ikiwa unasafiri kwenda kupasuliwa nje, tatizo si ndege. Hewa ya ndegeni haiidhuru lenzi hii. Tatizo ni nani atakuona siku ya kwanza, wiki ya kwanza na mwezi wa kwanza. Lenzi ya toriki inayozunguka, mara nyingi huzunguka katika kipindi hicho: unaamka ukiona vizuri siku tano, ya sita mistari ina vivuli. Dawa yake ni kurudishwa chumba cha upasuaji na kuzungushwa hadi mahali pake, au kubadilishiwa saizi kama inarudia. Nani atalipia? Tiketi ya pili ni ya nani? Jibu liwe kwenye maandishi kabla hujatoa pesa. Na kabla ya safari tafuta daktari bingwa wa macho hapa nyumbani atakayekubali kukufuatilia, kisha urudi na ripoti kamili ya upasuaji, si risiti tu.

Usiku utaona duara na miale kuzunguka taa. Baadhi hutokana na ukingo wa lenzi kwa wenye mboni kubwa, baadhi na lile tundu la katikati. Kwa wengi hupungua kadiri miezi inavyopita. Dereva wa lori au basi la usiku alifikirie hilo kwa uzito zaidi kuliko mhasibu.

Jicho halifupiki

Jambo ambalo matangazo hulisema kwa herufi ndogo ni hili: lenzi hukuondolea miwani, haikuondolei jicho refu. Jicho la kawaida lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma. La mtu wetu wa −9.50 linaweza kufika 27, na retina yake, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, imevutwa kuufuata urefu huo, imekonda, pengine ina sehemu dhaifu au vitundu pembeni. Baada ya upasuaji anaona kama watu wengine, anaacha kujiona mgonjwa wa macho, na ndipo anapoacha kwenda kupimwa. Kabla ya lenzi, retina yake inapaswa kukaguliwa hadi ukingoni, mboni ikiwa imepanuliwa, na vitundu kuzibwa kwa leza vikihitaji. Baada ya lenzi, ukaguzi huo uendelee kila mwaka, pamoja na presha, hesabu ya zile seli za konea, na ile nafasi ya kati ya lenzi mbili, ambayo huweza kupungua kadiri lenzi ya asili inavyonenepa na umri.

Ukifika miaka arobaini na kitu utahitaji miwani ya kusomea kama wenzako. Hiyo si hitilafu ya lenzi. Mwenye −2 au −3 aliyezoea kuvua miwani asome simu kwa karibu ndiye atakayelalamika zaidi. Na siku mtoto wa jicho akija, kama anavyowajia wazee wengi, lenzi ya kupandikiza hutolewa kwenye upasuaji huohuo. Daktari wa siku hiyo atahitaji kujua jina la lenzi, nguvu yake, saizi na nyuzi zake. Vyote vimeandikwa kwenye kadi utakayopewa. Ipige picha, itume kwa mtu wa nyumbani, na ile yenyewe ihifadhi pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.

Ukiona vimulimuli ghafla kama radi pembeni mwa jicho, vidoa vyeusi vingi vinavyoelea, au kivuli kama pazia kinachoshuka au kupanda upande mmoja, nenda hospitali yenye daktari bingwa wa macho siku hiyohiyo, si wiki ijayo. Mlangoni usiseme tu kwamba unaona vibaya. Sema una lenzi ya kupandikiza, sema jicho lilikuwa −9.50, na sema pazia lilianza saa ngapi.